Jinsi ya kutambua thamista ya NTC na wenzake kwenye pawa saplai ndogo

Unapochomeka pawa saplai, ile kapasita kubwa bado ni tupu, kwa hiyo inavuta umeme kama vile kuna shoti, ni muda mfupi sana ila unatosha kukata fyuzi au kuua daiodi za brije (zile nne zinazogeuza AC kuwa DC), ndo maana wanaweka kitu cha kuupunguza, yaani thamista ya NTC, ambayo omu zake zinashuka ikipata joto.

Kwanza chomoa kabisa, afu pima kapasita maana kwenye umeme wa 230V inachaji mpaka kama 325V DC na inaweza kukaa nazo. Imwage kwa resista, sio kwa bisbisi.

Sasa fuata njia ya umeme: waya wa kuingia, fyuzi, mpaka brije. Ukikuta kidude cha duara bapa, mara nyingi cheusi au kijani iliyokolea, umeme unapita ndani yake kwenda mbele, hiyo ndo NTC, na kwenye bodi huwa wanaandika NTC1, TH1 au RT1.

Wengi wanaichanganya na varista kwa sababu zote ni duara na zote zina herufi D. Varista mara nyingi ni ya bluu, imekaa kati ya laini na nyutro baada ya fyuzi, kazi yake ni kuzuia volti zikipanda, mkupuo wa kuwasha haiuhusu. Angalia namba: NTC ya 5D-9 ni omu 5 ikiwa baridi na upana mm 9, ila varista ya 10D471 hiyo 10 ndo upana, na 471 ni volti 470 (47 na sifuri moja). Yaani namba ya kabla ya D inabadilika maana, hapo ndo watu wanaagiza kitu kingine kabisa.

Kama maandishi yameungua, ing'oe upime. NTC nzima inasoma omu chache na ukiipuliza na draya ya nywele zinashuka, varista nzima inasoma OL tu (yaani mita haioni njia ya umeme). NTC iliyopasuka usiiruke kwa waya, pawa saplai itawaka vizuri tu lakini fyuzi na brije ndo zitakazoumia kila ukiwasha. Weka yenye omu zilezile na upana uleule.

Kwenye chaja ndogo za simu unaweza usiione NTC wala fyuzi, unakuta resista moja tu ya omu chache, pengine imevalishwa mpira, inafanya kazi zote mbili. Hiyo usibadilishe kwa resista ya kawaida, weka ya aina ya fyuzi, maana ya kawaida inaweza kushika moto badala ya kukata.