Kabla hujatoka uani na gari-nyumba la kukodi

Safari yetu ya kwanza ya gari-nyumba hapa Marekani tulikaa uani kwa mwenye gari dakika ishirini tu. Watoto walishachagua vitanda, mke wangu alitaka tufike Grand Canyon kabla ya giza, na kijana aliyetukabidhi funguo alikuwa na wateja wengine wanasubiri. Tukatia sahihi, tukaondoka. Saa nane usiku, kambini, baridi kali, kidude kilichofungwa karibu na sakafu kikaanza kulia. Hakuna aliyejua ni nini. Tukatoka nje wote na mablanketi, mdogo wetu analia, mpaka mzee mmoja jirani akatueleza kuwa ile ni kengele ya gesi, na inalia kwa sababu betri imeisha nguvu. Tangu usiku ule, kila ndugu anayeniuliza namwambia hivi: tenga saa mbili nzima za pale uani, na usitie gari barabarani kabla hujawasha na kuzima kila kitu kwa mkono wako mwenyewe.

Anza na gesi. Jiko, hita na mara nyingi hata friji vinatumia propeni, ambayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama chini, ndiyo maana kengele yake hufungwa karibu na sakafu. Kuna nyingine ya kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayotoka kwenye moshi wa jenereta au kwenye moto usiowaka vizuri. Hiyo humkuta mtu usingizini na asiamke. Bonyeza kitufe cha majaribio cha kengele zote mbili, kisha tazama tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa juu yake. Uliza valvu kuu ya gesi iko wapi, uifunge na kuifungua mwenyewe, na uifunge tena kila unapoingia kituo cha mafuta. Usilale jenereta ikiwa inanguruma, na usiwashe jiko ili kupasha joto chumba, hata baridi iwe ya namna gani. Mtungi wa kuzimia moto, hakikisha kila mtu mzima anajua ulipo.

Kisha kimo. Gari lenye kitanda juu ya dereva, ukijumlisha kiyoyozi cha paani, mara nyingi hufika futi 11 au 12. Andika namba kamili kwenye karatasi kwa kalamu nene, kwa futi kwa sababu vibao vya huku ni vya futi, ubandike mbele ya dereva. Ramani ya kawaida ya simu haijui kimo cha gari lako. Kule Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na nafasi ya futi 11 na inchi 8, na lilichuna mapaa ya malori mengi ya kukodi mpaka likainuliwa mwaka 2019. Urefu nao una mambo yake: katika hifadhi ya Glacier, sehemu ya mlimani ya barabara ya Going-to-the-Sun hairuhusu gari linalozidi futi 21. Handaki la hifadhi ya Zion, kule Utah, ni la zamani, lilifunguliwa mwaka 1930, na magari makubwa yamewekewa masharti. Soma ukurasa wa hifadhi yenyewe kabla ya kupanga njia. Na soma bima mstari kwa mstari, kwani nyingi hazilipi uharibifu wa paa, na bima ya gari lako dogo huenda isihusike kabisa.

Hesabu mikanda, usihesabu vitanda. Gari la kulala watu sita linaweza kuwa na mikanda pungufu, na viti vinavyotazama ubavuni havifai kufungia kiti cha mtoto. Gari likitembea, hakuna wa kulala kitandani wala wa kupika chai. Mgeni aliyetoka nyumbani, aliyezoea kuendesha upande wa kushoto, asishike usukani siku ya kwanza.

Matairi yana siri ambayo wengi hawaijui. Ubavuni, mwisho wa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la gari-nyumba huweza kuzeeka kashata zake, yaani meno yanayokanyaga barabara, zikiwa bado nzima, kwa sababu gari linasimama muda mrefu. Ukikuta la miaka mingi, omba libadilishwe kabla hujatia sahihi. Maji nayo ni mzigo, lita moja ni kilo moja, kwa hiyo huna haja ya kusafiri na tangi limejaa ikiwa unapolala kuna bomba.

Kabla ya barabara kuu, zunguka kwenye eneo tupu la maegesho. Sehemu ya nyuma iliyopita matairi hujitupa nje unapokata kona, nayo ndiyo inayogonga nguzo za pampu. Mteremko mrefu ushuke kwa gia ndogo, kama madereva wa malori wanavyoshuka mlima Kitonga kule Iringa. Ukikanyaga breki mfululizo zitachemka na kukuacha. Upepo wa ubavuni ukizidi, egesha usubiri.

Tangi la choo watu hulionea kinyaa, lakini ni kazi ya dakika kumi. Vaa glavu, mwaga la choo kwanza, kisha tangi la maji yaliyotumika kuoshea, ili maji hayo yasafishe bomba. Valvu ya choo iache imefungwa mpaka tangi likaribie kujaa. Bomba la maji ya kunywa lisikaribie hapo.

Kambi ya Mather pale Grand Canyon haina umeme, kambi ya Trailer Village jirani yake inao. Kabla hujalipia, jua unalala wapi, na jenereta inaruhusiwa saa ngapi.

Mwisho kabisa, washa kamera ya simu uzunguke gari ndani na nje, ngazi, vioo, paa kadiri unavyofikia, huku mfanyakazi akiwa amesimama pembeni yako. Taja kila mkwaruzo kwa sauti, halafu tuma video hiyo kwa ofisi yao ungali uani.