Kuwasha moduli ya Apache na kusoma logi yake bila kujaza diski

Wakuu, somo hili ni la Ubuntu na Apache 2.4 (programu inayotoa kurasa za tovuti), maana ndizo ninazokutana nazo kwenye seva nyingi ninazoitiwa hapa Mbeya.

Tuanze na kuwasha. Moduli, yaani vipande vya kuiongezea Apache kazi, zote zimo /etc/apache2/mods-available, zilizowashwa zinaonekana mods-enabled. Usihamishe faili kwa mkono. Mfano, kuwasha rewrite, moduli ya kugeuza anwani za kurasa:

sudo a2enmod rewrite
sudo apache2ctl configtest
sudo systemctl restart apache2

Ya katikati ndiyo watu huiruka. Isipojibu "Syntax OK", usiguse ya tatu.

Sasa logi, faili ambamo Apache huandika yanayotokea, na hapa ndipo nilipoumbuka. Mwaka jana nilikuwa natafuta kwa nini kurasa za duka la mteja wa Mwanjelwa hazifunguki, nikapandisha LogLevel (kiasi cha maelezo yanayoandikwa kwenye logi) ya seva nzima hadi trace8, kiwango cha mwisho kabisa. Simu ikaita: msiba Tukuyu. Nikaondoka vilevile. Jumatatu narudi, diski imejaa pomoni, hifadhidata imegoma kuandika, mteja kanipigia hadi kachoka. Nikafuta error.log kwa rm, nafasi haikurudi! Kumbe Apache ilikuwa bado imelishikilia faili lilelile. Faili linaloandikwa halifutwi, linakatwa:

sudo truncate -s 0 /var/log/apache2/error.log

Tangu hapo napandisha moduli moja tu, ndani ya VirtualHost (sehemu ya mipangilio ya tovuti moja) ya tovuti inayosumbua:

LogLevel warn rewrite:trace3

Wengine wote wabaki kwenye maonyo, rewrite peke yake ndiyo ipige domo. Fanya reload (sudo systemctl reload apache2), kisha:

sudo tail -f /var/log/apache2/error.log

Fungua ukurasa kwa simu, utaona mistari ikishuka: anwani iliyoingia, kanuni iliyoigusa, ilikotupwa. Ukipata jibu, ondoa trace3 siku hiyohiyo, msiba uwepo usiwepo.

MASWALI

Makambako: Mkuu, nimewasha rewrite, configtest safi, ila .htaccess yangu (faili la mipangilio ndani ya folda ya tovuti) haisomwi kabisa.
Jibu: Angalia apache2.conf, sehemu ya /var/www. Ubuntu huja na AllowOverride None, yaani .htaccess isisomwe. Weka All, kisha reload.

Iringa: Mimi nimeandika RewriteLog kama nilivyofundishwa chuoni, inakataa.
Jibu: Hiyo ni ya 2.2, kwenye 2.4 iliondolewa. Mstari wa LogLevel hapo juu ndio uliochukua nafasi yake.

Uyole: Kaka, logi yangu iko nyuma saa tatu. Mteja analalamika saa nne asubuhi, logi inasema 07:00.
Jibu: Seva iko UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, halafu restart. Ila hiyo saa nne ya mteja logi itaiandika 10:00, usije ukaanza kuitafuta kwenye 04:00. Kijana wangu wa ofisini alipoteza asubuhi nzima hapo.