Kompyuta ya mezani imelala haiamki: cha kufanya kabla ya kuizima kwa nguvu

Kompyuta ya mezani ikilala halafu ikagoma kuamka, kwanza kabisa ondoa kidole kwenye kitufe cha kuwashia. Najua hali inavyokuwa: skrini nyeusi, mteja amesimama kaunta, umetikisa mausi mpaka mkono umechoka, basi unabana kitufe hadi feni inyamaze. Ukikibana kwa sekunde 4 au zaidi, mashine inajikatia umeme papo hapo na kila ambacho hakijaseviwa kinapotea. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mwanza, jirani na Makoroboi, na nimeshakaa na mwanafunzi aliyepoteza sura nzima ya tasnifu kwenye steshenari moja ya Nyegezi kwa sababu mhudumu alibana kitufe. Mashine haikuwa na tatizo lolote. Kebo ya monita ndiyo ilikuwa imelegea.

Kwa nini kazi inapotea? Kompyuta ikilala, Windows inapumzisha prosesa, diski na feni, lakini inaacha umeme kidogo uendelee kwenda kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ili ikumbuke ulichokuwa umefungua. Kwenye pawa saplai ya kawaida, yaani kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, umeme huo ni wa volti 5 na hutolewa muda wote, mradi plagi iko ukutani na swichi imewashwa. Ndiyo maana taa ya mbele hupepesa au hubadilika rangi, haizimiki kabisa. RAM haishiki kitu umeme ukiondoka. Upo usingizi mwingine, mzito zaidi, ambao Windows inauita Hibernate: kila kitu kinaandikwa kwenye diski, katika faili linaloitwa hiberfil.sys, kisha mashine inazimika. Huo hata plagi ukiichomoa, kazi yako utaikuta.

Je, imelala kweli?

Bonyeza Caps Lock na uangalie taa yake. Ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine iko macho, inakusikia, ila haikuonyeshi kitu. Kama kibodi yako haina taa hiyo, azima ya waya yenye taa, uichomeke nyuma ya boksi. Weka pia kiganja nyuma, pale feni inapotolea upepo, usikie kama kuna hewa inayotoka.

Halafu subiri. Nyingi ya mashine tunazotumia hapa ni mtumba, Dell OptiPlex na HP zilizokwisha kufanya kazi ofisini huko Ulaya, na bado zina diski za kuzunguka na RAM ndogo. Mashine ya namna hiyo ikilala huku umeacha programu kibao wazi, inaamka kwa kujikongoja. Ipe dakika 2 nzima bila kugusa chochote. Watu wanaibonyeza huku na huku, nayo inapokea amri zote hizo kwa mkupuo, inazidi kukwama.

Taa ya Caps Lock ikiitika

Hapa tatizo ni picha tu, na kazi yako bado iko salama ndani. Usiguse kitufe cha kuwashia hata kidogo, maana kwenye mashine iliyo macho mguso mmoja kwa kawaida ni amri ya kuzima.

Anza na monita. Izime kwa kitufe chake, chomoa waya wake wa umeme, hesabu hadi 30, kisha urudishe. Monita nayo hulala kivyake, na zipo zinazoshindwa kutambua kuwa picha imerudi. Hakikisha pia iko kwenye chaneli sahihi. Mtu akigusa vitufe vyake wakati anapangusa vumbi, monita inaweza kuwa inatafuta picha kwenye HDMI wakati kebo ni ya VGA. Kebo ya VGA ikaze kwa skrubu zake mbili. Kama unatumia kile kiunganishi kidogo cha kutoka DisplayPort kwenda VGA au HDMI, kama walivyo wengi wenye OptiPlex, kichomoe upande wa boksi na ukirudishe. Vile vya bei ya chini mara nyingi havishtuki mashine inapoamka, na kukichomoa tu kunaweza kurudisha picha.

Bado nyeusi? Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Kwenye Windows 10 na 11 amri hiyo inaanzisha upya draiva ya skrini, yaani programu inayoiendesha, bila kufunga kazi zako. Utasikia mlio mfupi, skrini itapepesa, na ukibahatika picha itarudi.

Ikishindikana, sevu kazi gizani. Bonyeza Enter, andika paswedi yako, Enter tena, subiri kama nusu dakika, kisha bonyeza Ctrl na S. Kama faili lilikuwa na jina tayari na ndilo lililokuwa mbele, limeseviwa, hata kama hukuona lolote. Ningependa kila mwenye steshenari amfundishe mhudumu wake hatua hii kabla ya nyingine zote, kwa sababu faili zile ni za wateja. Ukishasevu, sasa bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja tu, kwa mguso mfupi, uiache Windows ijizime yenyewe.

Taa isipoitika

Huenda kibodi ndiyo haina ruhusa ya kuiamsha mashine au haipati umeme. Ihamishe kutoka tundu la USB la mbele kwenda la nyuma, hasa kama ilikuwa imepitia kwenye kigawanyo. Kwenye baadhi ya mashine matundu machache tu ndiyo yanayobaki na umeme wakati wa usingizi. Isipokubali, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, mguso mfupi, uache. Kwa mashine iliyolala kweli, huo ndio wito wenye nguvu kuliko wa kibodi na mausi.

Feni ikizunguka dakika 5 bila skrini wala taa kuitika, hakuna tena cha kuokoa kwa njia ya kawaida. Bana kitufe hadi izime, zima swichi ya ukutani, chomoa waya wa umeme, kisha bana tena kitufe kwa sekunde 30 huku haina umeme, ili chaji iliyobaki ndani iishe. Rudisha waya, uwashe. Hatua hii ya kumaliza chaji usiiruke, kwa sababu mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, iliyokwama katikati ya kuamka inaweza kubaki imekwama hivyo hivyo mradi zile volti 5 zinaendelea kuifikia.

Ikishawaka, Windows itakuwa imeandika kwenye kumbukumbu zake tukio la Kernel-Power namba 41. Wengi wakiliona hukimbilia kununua pawa saplai mpya. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimwa bila kuaga, na aliyeizima ni wewe. Halikutajii chanzo.

Kutafuta chanzo

Bonyeza Windows na R, andika devmgmt.msc, Enter. Fungua sehemu ya kibodi, bofya mara mbili jina la kibodi yako, nenda kwenye ukurasa wa Power Management, na uweke alama pale panaporuhusu kifaa kiamshe kompyuta. Fanya vivyo hivyo kwa mausi ukitaka, ingawa mimi huiacha bila ruhusa, maana gari kubwa likipita barabarani meza ikitikisika mashine inaamka bure. Kuona vifaa vyote vyenye ruhusa, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /devicequery wake_armed. Na powercfg /a itakuambia mashine yako inajua usingizi wa aina gani.

Kisha draiva ya skrini, ambayo kwa uzoefu wangu ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote upande wa programu. Kama tatizo lilianza mara tu baada ya apdeti, rudi hapo hapo devmgmt.msc, fungua kadi ya skrini, ukurasa wa Driver, ubonyeze kitufe cha Roll Back. Kama halikuanza na apdeti, chukua draiva ya modeli yako hasa kutoka tovuti ya kampuni iliyoitengeneza mashine. Zile programu zinazojitangaza kuwa zinatafuta draiva zote kwa mpigo, achana nazo.

Zima pia kuwasha kwa haraka, yaani Fast Startup, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012. Windows na R, andika powercfg.cpl, chagua upande wa kushoto pale panapohusu vitufe vya kuwashia, ruhusu mabadiliko, ondoa alama pale penye Fast Startup. Mafundi wengine huizima kwa kuandika powercfg /h off, kwa sababu inarudisha gigabaiti kadhaa za diski. Sikubaliani na mtindo huo, kwa sababu unaondoa usingizi mzito wote pamoja nayo. Nitaeleza chini kwa nini sisi wa kandokando ya ziwa tunauhitaji.

Kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, angalia kama kuna kipengele cha ErP, cha kubana matumizi ya umeme. Kikiwashwa, baadhi ya mashine hubana umeme wa matundu ya USB zinapopumzika, na kibodi inaweza kushindwa kuziamsha.

Fungua boksi

Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, aliniletea mashine yake ya mahesabu. Ilikuwa inalala vizuri, lakini ukiiamsha feni inavuma kwa nguvu na skrini haiji. Nilipoondoa mfuniko wa pembeni nilikuta vumbi lisilopeperuka. Lilikuwa limegandana kwenye mapezi ya kipozea joto, limeshikana na unyevu na mabawa ya wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kwa mawingu na kufa chini ya taa. Nikachomoa RAM. Meno yake ya dhahabu, ambayo hutakiwa kung'aa, yalikuwa yamefifia, na karibu na kona machache yalikuwa na doa la kijivu.

Nilichukua ufutio mweupe wa penseli, nikafuta pande zote mbili taratibu, kutoka ndani kwenda nje, bila kugusa meno kwa vidole. Nikaondoa unga kwa brashi kavu, nikasafisha na tundu lenyewe, nikairudisha RAM mpaka klipu zote mbili zikalia.

"Mwanangu, niambie ukweli, ninunue nyingine?"

"Hapana mama. Ila boksi hili lisikae tena chini, karibu na magunia."

Amelipandisha kwenye rafu, na linalala na kuamka kama kawaida. Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, mradi umechomoa umeme na umegusa chuma cha boksi kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini.

Ukiwa ndani, tazama betri ya saa, CR2032 ya volti 3. Kama saa ya kompyuta inarudi nyuma kila ukiizima, ibadilishe. Tazama pia kepasita, vile vikopo vidogo vya kushika umeme, kwenye mazabodi. Iliyovimba kichwani imekwisha. Mwenye mita ya kupimia volti anaweza kupima waya wa zambarau dhidi ya mweusi mashine ikiwa kwenye plagi. Kwenye pawa saplai ya kawaida ya ATX hapo ndipo zilipo zile volti 5, na zinatakiwa ziwe kati ya 4.75 na 5.25. Zikishuka chini ya hapo, RAM inaweza kusahau usingizini. Baadhi ya HP na Dell zina nyaya za mpangilio wao, kwa hiyo usizipime kwa kukisia rangi. Na pawa saplai yenyewe usiifungue, maana kepasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomolewa.

Usiku kando ya ziwa

Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi Afrika, na nyingi hupiga usiku. Umeme ukicheza saa 9 usiku huku mashine imelala usingizi wa kawaida, asubuhi unaikuta imezima au imekwama. Mchana iache ilale, haina neno, hasa kama iko kwenye UPS, kile kifaa chenye betri ya akiba. Ukifunga duka, itie usingizi mzito: Windows na R, andika shutdown /h, Enter. Ikishazimika, chomoa plagi ukutani. Amri ikikataa, huenda usingizi mzito ulishazimwa. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h on, ujaribu tena.

Ukimaliza marekebisho yote, ijaribu kabla ya kuiamini. Sevu kila kitu, ilaze dakika 2, iamshe. Kisha ilaze saa nzima, iamshe tena. Kuna hitilafu ambazo hazijitokezi kwenye usingizi mfupi. Ikiamka baada ya dakika 2 na kugoma baada ya saa, mwambie fundi hivyo hivyo, mwambie na taa ya Caps Lock ilifanya nini, umpelekee boksi pamoja na kebo yake ya monita na kile kiunganishi.