Vitamini hupotelea kati ya shamba na sahani

Mkulima akiulizwa msimu umekwendaje, hujibu kwa magunia. Mwili nao una hesabu yake. Familia inaweza kushiba mara tatu kwa siku na bado ikapungukiwa, kwa sababu nafaka na mizizi ya wanga hujaza tumbo na kutia nguvu, lakini kinga, macho na damu vinadai kitu kingine. Mwanadamu anahitaji vitamini 13: A, C, D, E, K na nane za kundi B. Vipimo vyake ni vidogo ajabu. Vitamini A anayohitaji mtu mzima kwa mwaka mzima haifiki nusu gramu. Hicho kidogo kikikosekana, hakuna wingi wa wanga utakaoziba pengo.

Wengi wetu hufikiri dawa ni kulima zaidi. Kulima ni nusu ya kazi tu. Vitamini nyingi hupotelea juani, mashineni na kwenye maji yanayomwagwa baada ya kupika.

Tuanze na mashine. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Java akichunguza beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu na kudhoofisha moyo. Kuku wake wa majaribio wakaanza kuyumba, kisha baada ya muda wakapona wenyewe. Alipofuatilia, akakuta kwamba walikuwa wakilishwa mchele mweupe uliopikwa jikoni kwa hospitali, na walipona waliporudishiwa mchele ambao pumba yake haikuondolewa. Thiamini, yaani vitamini B1, ilikuwa imebaki kwenye pumba. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Frederick Hopkins.

Kwa hiyo unga wa dona na mchele wa kahawia vina faida ya kweli, ila vina masharti yake. Kiini cha nafaka kina mafuta, na unga wake huchacha mapema. Saga wa wiki moja au mbili, si wa miezi mitatu. La pili ni zito zaidi: sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, hukaa kwa wingi kwenye pumba na kiini, sehemu zile zile zinazobeba vitamini. Mahindi yaliyolowa au kuota ukungu hayafai kabisa, dona wala sembe. Kausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, chagua punje mbovu utupe, ndipo upeleke kinuni.

Kwa vitamini A, zao ninalolipendekeza kabla ya lolote ni kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa, ambacho wengi hukiita kiazi lishe. Rangi ile ni betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Gramu 125 za aina nyingi za viazi hivyo, sawa na kiazi kidogo, hutosheleza mahitaji ya mtoto mdogo kwa siku. Mtoto anayejikwaa jioni huku wenzake wakiona vizuri apelekwe kituo cha afya mara moja. Kutoona gizani ni dalili ya mapema ya upungufu huu, na macho yakiachwa huweza kupofuka kabisa.

Upandaji wake hauna ugumu, lakini watu hukosea kwenye mbegu. Kata vipando vya sentimita 20 hadi 30 kutoka ncha ya mmea wenye afya, si sehemu ya shina iliyo karibu na ardhi, maana huko ndiko fukusi, mdudu anayetoboa viazi, hutaga mayai. Viweke kivulini siku moja au mbili, kisha pandikiza kwenye matuta yaliyoachana mita moja, sentimita 30 kutoka kipando hadi kipando, theluthi mbili ya pingili zikiwa chini ya udongo. Viazi vikianza kunenepa, udongo hupasuka juu yake. Pitia na jembe uzibe kila ufa. Fukusi hana nguvu ya kuchimba, hupita kwenye nyufa. Vingi huwa tayari kati ya miezi mitatu na mitano. Wakati wa kusubiri, majani yake ni mboga. Chuma machache machache kila shina.

Ukitaka kukausha viazi hivyo, au mboga yoyote, usiitandaze juani. Jua kali huunguza betakarotini na vitamini C. Kata vipande vyembamba, tandaza kwenye chekeche lililoinuliwa kivulini penye upepo, au tumia kaushio lililofunikwa. Kisha hifadhi gizani kwenye chombo kisichopitisha hewa, na kula akiba hiyo ndani ya miezi michache. Karotini huendelea kupungua hata ghalani.

Mboga mbichi nazo zina saa yake. Chuma asubuhi na mapema, funika kwa kitambaa chenye unyevu, peleka kivulini. Jani lililonyauka limekwisha kupoteza sehemu ya vitamini C. Jikoni, osha kwanza ndipo ukate. Anayekata kisha akaloweka anazitoa vitamini B na C kwa mikono yake mwenyewe, kwani zote huyeyuka kwenye maji. Tia maji kidogo, funika sufuria, pika dakika chache, na mchuzi uliwe. Magadi hulainisha mboga haraka lakini huharibu thiamini na vitamini C, yaache. Mafuta kidogo, au karanga zilizotwangwa, ni ya lazima, kwa kuwa A, D, E na K hufyonzwa pamoja na mafuta.

Matunda yaliwe mabichi. Gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, takriban mara nne ya chungwa, na bado mti wake hauheshimiwi. Likiliwa pamoja na maharage au mboga za majani, husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo. Chai ikinywewa na chakula hicho hufanya kinyume.

Rangi nayo isikudanganye. Kiini cha yai chenye manjano iliyokolea huonyesha kuku amekula majani au mahindi ya njano. Vitamini A yenyewe haina rangi hiyo, na yai la kiini cheupe linaweza kuwa nayo ya kutosha.

Kuna ambazo bustani haiwezi kuzitoa. Vitamini B12 haipatikani kwenye mazao ya mimea. Hutoka kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai, hivyo kuku kadhaa wana thamani kuliko tuta jingine la mboga. Asiyekula vyakula hivyo kabisa anahitaji vidonge. Vitamini D ngozi hujitengenezea ikipigwa na jua.

Vidonge vya vitamini A visinywewe kwa kukisia, maana ziada yake hubaki kwenye ini na kudhuru, na kwa mjamzito huweza kumharibu mtoto tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo mjamzito ajizuie na maini mengi. Asidi ya foliki, mojawapo ya vitamini za kundi B, mikrogramu 400 kwa siku, ianze kabla ya mimba: mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga katika siku 28 za kwanza, wakati mama wengi hawajajua.

Kwa bustani yenyewe, sia mbegu za mboga kidogo kila baada ya wiki mbili badala ya kuzisia zote siku moja. Anza na tuta moja karibu na mahali maji ya kuoshea vyombo humwagwa, ila yasiwe na sabuni nyingi.