Mboji ya uani: weka akiba ya majani makavu kwanza

Wengi wanaoshindwa kutengeneza mboji nyumbani hawakosi taka za jikoni. Wanakosa majani makavu, na mara nyingi ni kwa sababu waliyafagia na kuyachoma asubuhi ileile. Rundika maganda ya ndizi, viazi na machicha peke yake, na baada ya siku chache utakuwa na uji unaonuka, na nzi wa kukugombanisha na jirani. Kwa hiyo tunaanzia uani. Jikoni tutafika.

Hatua ya 1: Kusanya vikavu

Jaza viroba viwili vitatu vya majani ya mwembe au mkungu, nyasi zilizokauka, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Maranda ya seremala pia yanafaa, mradi mbao hazikutiwa dawa. Kusanya kwa reki au kwa mikono. Fagio la chelewa hukomba mchanga, na mchanga hauozi. Utauhisi kwenye kiuno siku ya kugeuza. Chambua pia wembe, vizibo vya soda na betri. Majani ya mwembe ni magumu, yanachelewa kuoza: funga kiroba, kikanyage mpaka usikie yamevunjika.

Hatua ya 2: Mahali

Kivulini, juu ya ardhi tupu, mbali kidogo na ukuta wa nyumba kwa sababu ya mchwa. Panga matofali bila saruji ukiacha nafasi za hewa, au zungushia wavu wa kuku. Lengo ni mita 1 kila upande na mita 1 kwenda juu, maana lundo dogo halihifadhi joto. Mwenye baraza tu atumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa. Itaoza, lakini haitapata moto, kwa hiyo asitie magugu yenye mbegu.

Hatua ya 3: Kupanga tabaka

Chini weka makumbi ya nazi au vijiti, kama sentimita 15, hewa ipite. Kisha kwa kila ndoo 1 ya taka za jikoni, weka ndoo 2 hadi 3 za vikavu. Bakteria na kuvu wanaoozesha lundo hufanya kazi vizuri kaboni ikiwa karibu mara 30 ya naitrojeni. Vikavu vina kaboni nyingi, na taka za jikoni, majani mabichi na samadi ndizo zinazoleta naitrojeni. Nyunyiza koleo la udongo wa bustani au samadi katikati, na kila mara malizia na kikavu juu. Hapo nzi hawapati pa kutua.

Machicha yatawanye, yakikaa bonge yanachacha. Maganda ya mayai yaponde. Vifuu visahau, peleka jikoni viwe kuni. Majivu tia konzi moja tu: yakizidi, naitrojeni inapotea hewani ikiwa amonia. Nyama, matumbo ya samaki, mabaki yenye mafuta, kinyesi cha mbwa na paka, hapana. Ndago usiitie kabisa. Vinundu vyake ni vigumu kufa.

Hatua ya 4: Maji

Chota konzi kutoka katikati ulikamue. Liwe kama machicha yaliyokwisha kutoa tui la pili: yana unyevu na yanashikana, lakini hayachuruziki. Kiangazi mwagia maji yaliyooshea mboga au mchele. Masika funika kwa turubai, la sivyo rutuba yote itateremka na maji.

Hatua ya 5: Nondo na kugeuza

Chomeka kipande cha nondo mpaka katikati ya lundo, kiache kama dakika 10, kichomoe, ukiguse kwa uangalifu ile ncha. Ikiwa huwezi kuishikilia, lundo linafanya kazi. Nyuzi 55 hadi 65 huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa; zikipita 70 hata hao bakteria wanaanza kufa, geuza haraka. Vinginevyo geuza lundo pale nondo inapoanza kutoka vuguvugu, au kila wiki mbili hivi. La nje liingie ndani, la ndani litoke nje. Ukikuta unga mweupe ndani na pamekauka, ongeza maji wakati unageuza.

Pua itakuambia mengine. Harufu ya mayai viza ni ukosefu wa hewa: geuza, ongeza vikavu. Harufu kali ya mkojo ni naitrojeni iliyozidi, dawa ni hiyohiyo. Mchwa wakiingia, pamekauka. Mabuu manene ya kijivu ya nzi weusi hayana madhara, ila kuku wako watayapenda.

Hatua ya 6: Kuvuna

Katika joto la Pwani, lundo linalogeuzwa huiva kwa miezi 2 hadi 4. Limekuwa jeusi, limeshuka sana, halipati moto tena hata ukiligeuza na kulimwagia maji, na linanuka udongo. Kabla ya kuliamini, otesha mbegu za mchicha kwenye kopo: zikichipua vizuri na miche isigeuke njano, tumia. Kwa vyungu changanya sehemu 1 ya mboji na 2 au 3 za udongo. Kwenye tuta la mchanga tandaza sentimita 3 hadi 5, usigusishe shina.

Chekecha kabla ya kutumia. Makapi yanayobaki juu ya chekeche, vijiti na makumbi yaliyooza nusu, usiyatupe: yamejaa bakteria, yatie kwenye tabaka la kwanza la lundo linalofuata.