Stima ya kambini: sola au jenereta? Hesabu, kufunga, na hitilafu zake

Watu wakipanga safari ya kulala Makalia kule Lake Nakuru, au kandokando ya ziwa upande wa Kisumu, utasikia wakiulizana nani ana jenereta ya kuazima kabla hata hawajajua watatumia stima kiasi gani. Jenereta ya kVA 2.5 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta) ikinguruma usiku kucha kwa ajili ya balbu nne za LED inakunywa zaidi ya nusu lita ya petroli kila saa ili kuwasha wati 20. Huo ni uharibifu, na majirani kambini hawalali. Kwa safari ya siku mbili tatu, paneli na betri zinatosha. Jenereta ina kazi moja tu ya maana: kujaza betri mchana pale mvua au msitu unapoinyima paneli jua.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya wati-saa

Chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa kitakazowaka. Kwa watu sita, siku moja inakuwa hivi: balbu nne za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100, simu sita, kila moja takriban 15, ni 90, spika ya wati 10 kwa saa 4 ni 40, laptopu kujazwa mara moja ni 60. Jumla 290.

Friji ya gari ya volti 12 ndiyo inayobadilisha hesabu yote. Ya wati 45 haizunguki muda wote. Inawaka na kuzima. Kwa joto la Kisumu kadiria nusu ya siku, yaani wati-saa 540. Kwa baridi ya Nakuru theluthi moja yaweza kutosha, 360. Iwekwe kivulini, na soda ziingie zikiwa zimeshapoa nyumbani.

Birika ya stima, pasi na koili ya kupikia usiziweke kwenye orodha. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unafanya kazi hiyo bila matata.

Hatua ya 2: Chagua paneli na betri

Paneli ya wati 100, jua zuri la saa 5, toa robo kwa joto, vumbi na hasara za nyaya: unapata takriban wati-saa 375 kwa siku. Bila friji, paneli moja inatosha. Ukiwa na friji, beba mbili.

Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100 (ampea-saa), ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukishuka chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Kwa hiyo hesabu 600, na uzito wake unakaribia kilo 30. Ya lithiamu (LiFePO4) ya Ah 100 unaweza kuitumia hadi asilimia 80 au zaidi, na mtu mmoja anaibeba kwa mkono. Bei yake inauma, lakini kwa kambi ndiyo ya kununua. Bila friji, lithiamu ya Ah 50 inatosha.

Hatua ya 3: Funga kwa mpangilio huu

Kwanza unganisha betri na kontrola (kifaa cha kati kinachosimamia stima ya paneli inayoingia kwenye betri), ndipo paneli ifuate. Kontrola inasoma volti za betri ili ijue ni mfumo wa 12 au 24. Ukianza na paneli inaweza kukosea au kuungua. Wakati wa kufungua, paneli inatoka kwanza. Chagua aina ya betri kwenye kontrola: mpangilio wa betri ya asidi hupandisha volti mara kwa mara kwa ajili ya kusawazisha, na betri ya lithiamu haitaki hivyo.

Kwa paneli mbili zilizounganishwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) zinazotoa takriban ampea 12, kontrola ya ampea 20 inafaa. Weka fyuzi ya ampea 20 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, sio upande wa pili. Fyuzi inalinda waya. Ikiwa mbali, kipande chote kati yake na betri kikigusana kinashika moto.

Unene wa waya watu wanaudharau. Paneli ikiwa mita 5 kutoka kwenye betri, waya wa milimita za mraba 1.5 ukibeba ampea 12 unapoteza karibu volti 1.4 njiani. Wa milimita 4 unapoteza nusu volti. Hiyo tofauti ndiyo inayofanya betri isijae jioni ifike.

Huku tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo usihangaike na pembe kubwa. Inua upande mmoja nyuzi 10 hivi, maji na vumbi viteleze. Acha nafasi ya hewa chini. Paneli iliyolazwa kwenye boneti ya gari jeusi inachemka na inapoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya 25.

Sasa kivuli, maana hapa ndipo wengi wanalaumu paneli bure. Paneli ya wati 100 ina seli 36 zilizofuatana kwenye mstari mmoja. Tawi dogo la mgunga likifunika seli moja tu, nusu nzima ya paneli inapitwa kando na dayodi (kijipande kinachopitisha stima upande mmoja tu) iliyo kwenye kisanduku cha nyuma. Zinabaki seli 18 zinazotoa volti 9 au 10. Betri yako ina volti 12 na kitu, kwa hiyo hakuna kinachoingia. Kivuli cha kiganja kimezima paneli nzima. Ndiyo maana unahamisha paneli mara mbili kwa siku, na ndiyo maana kamba ya hema haipiti juu yake.

Nyani wa Lake Nakuru wanavuta chochote kinachoning'inia. Zika waya kidogo au upitishe chini ya mkeka, na usiache mfumo bila mtu.

Hatua ya 4: Jenereta, kama lazima

Chukua ya inveta ya kVA 1. Haipigi kelele sana na haiharibu chaja za simu. Iweke pahali tambarare, pima oili kabla ya kuvuta kamba, na petroli uibebe kwenye mtungi wa chuma uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Jerikani ya mafuta ya kupikia inavimba na kuvuja.

Injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850, kwa hiyo jenereta iliyoandikwa wati 900 itakupa kama 720. Chorlim, kule Mlima Elgon, ni juu zaidi.

Umbali kutoka kwenye hema: mita 6 au zaidi, upepo ukipeleka moshi mbali, ekzosi ikielekea nje. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kabla ya kuongeza petroli, izime na uiache ipoe.

Kujaza betri, usitumie soketi ya volti 12 iliyo kwenye jenereta. Nyingi zinatoa ampea 8 tu, yaani wati 100, huku injini ikila petroli kama kawaida. Tumia chaja ya ampea 20 kwenye soketi ya volti 240: betri ya lithiamu ya Ah 100 iliyobaki robo inajaa kwa takriban saa nne.

Maswali ya wanachama, na wanakotoka

*Kondele: Saa sita mchana jua kali, kontrola inaonyesha ampea 1. Paneli imekufa?*

Angalia volti za betri kwanza. Ikiwa 14 na kitu, betri imejaa na kontrola inabana. Washa friji uone ampea zikipanda. Ikiwa iko chini ya 13, angalia kama kuna kivuli juu ya paneli, kisha kaza viungio. Mwisho chomoa waya za paneli na upime kwa multimita: ikiwa juani bila mzigo inapaswa kutoa volti 20 hivi.

*Molo: Jenereta inawaka vizuri, baada ya dakika chache inazima.*

Legeza kifuniko cha tangi. Ikiendelea kuwaka, tundu la hewa la kifuniko limeziba na petroli ilikuwa haishuki. La pili, kama imesimama mtelemkoni, kihisi cha oili kinadhani oili imeisha. Ikiwa petroli ilikaa humo miezi, fundi asafishe kabureta. Safari ijayo funga koki ya petroli na uiache injini ijizime yenyewe kabla ya kuihifadhi.

*Kitale: Tukipanda Elgon inatoa moshi mweusi na plagi inakuwa na masizi. Oili?*

Hapana. Oili ikiungua moshi huwa wa samawati. Mweusi ni petroli nyingi kwa hewa chache. Hakikisha choki imerudi na kichujio cha hewa ni kisafi. Ikibaki hivyo, fundi aweke jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo ya kabureta. Watengenezaji wengi wanashauri hivyo kuanzia mita 1,500. Mkishuka Kisumu mrudishe ya kawaida, la sivyo injini inachemka.

*Mbale: Msitu wa Kakamega na mvua ya kila alasiri, sola inafaa kweli?*

Jua la huko ni la asubuhi. Paneli iwe tayari uwanjani saa mbili, mbali na miti, na usitarajie zaidi ya wati-saa 200 kwa kila paneli ya wati 100. Fika na betri iliyojaa kutoka nyumbani, acha friji. Kwa siku mbili hutahitaji jenereta.

*Njoro: Mvua ikianza, naweza kuisogeza jenereta chini ya varanda ya hema?*

Hapana, hata dakika tano. Varanda inakusanya moshi na kuusukuma ndani. Funga turubai peke yake kwenye miti minne, pande zote wazi, juu vya kutosha lisishike joto la ekzosi, na jenereta ikae juu ya mbao ili maji yapite chini. Mvua ikija na upepo wa kulaza turubai, izime. Betri itawafikisha asubuhi.