Picha za zamani za michezo zenye saini: namna ya kuzisaka na kuzichunguza hapa Mwanza

Wakuu, tangu Pamba Jiji irudi ligi kuu msimu wa 2024/25 naona kila mtu hapa mjini ana mjomba aliyecheza TP Lindanda, yaani hiyo hiyo Pamba kwa jina la utani, na kila mjomba ana picha, na picha zenyewe zimeanza kutajiwa bei. Sio mbaya, ila wengi wananunua kwa kuangalia saini tu, na saini ndo kitu cha mwisho kuangalia.

Cha kwanza geuza picha. Muuzaji akikutumia ya mbele tu kwenye WhatsApp mwambie nitumie na mgongo wake, akianza kuzunguka zunguka achana nae. Mgongoni unatafuta muhuri wa studio, wa zambarau au bluu, wenye jina na S.L.P., unatafuta chapa ya kiwanda cha karatasi kama Kodak, Agfa au Ilford, alafu mabaki ya ile karatasi nyeusi ya albamu za zamani iliyong'ang'ania pembeni pale ilipobanduliwa. Picha nyingi za wazee wetu hazikusainiwa kwa ajili ya mashabiki, alipewa rafiki au shemeji, kwa hiyo saini iko nyuma na juu yake kuna "Ukumbusho kwa ndugu yangu fulani", tarehe, na mji. Wenzetu wa nje wengine wanaona jina la mtu mwingine linashusha bei. Kwetu mimi naona ni kinyume, hilo jina ndo mlango wako, unaweza kumtafuta huyo ndugu au watoto wake wakakwambia picha ilifikaje pale.

Karatasi nayo inaongea. Picha nyeusi na nyeupe za zamani zaidi mgongo wake ni karatasi kweli, ukiushika unakwaruza kidogo na picha inapenda kujikunja. Zile zenye utando wa plastiki pande zote, laini, zinazokaa zimenyooka, zilianza kuzagaa miaka ya 70, kwa hiyo mtu akikuletea hiyo akasema ni ya mwaka 1958 cheka tu kwa adabu. Halafu ipige mwanga wa ubavu karibu na dirisha, kwenye picha nzee sehemu nyeusi huwa zinatoa mng'ao wa rangi ya fedha hasa pembeni. Ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti feki, kwa wakala unaweza kuazima, inasaidia kwa picha zinazodaiwa ni za kabla ya miaka ya 50, maana karatasi za baadae ziliwekewa dawa ya kung'arisha weupe na zinawaka bluu kali. Kwa picha ya Pamba ya 1990 tochi haikusaidii kujua umri, itawaka tu.

Sasa maandishi. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, kwa hiyo picha yenye maneno "Uwanja wa CCM Kirumba 1975" hayo maneno kaongeza mtu baadae. Simba ilikuwa ikiitwa Sunderland mpaka 1971, ukikuta mgongoni kuna Sunderland kwa wino uliofifia hapo tulia, usionyeshe furaha mbele ya muuzaji. Na mechi zenyewe zina tarehe zake, mfano ule mchezo wa Yanga na Simba pale uwanja wa Nyamagana hapa Mwanza, 10 Agosti 1974, Simba walitangulia kwa goli la Adam Sabu, Gibson Sembuli akasawazisha dakika za mwisho, Sunday Manara akamaliza kwenye muda wa nyongeza, Yanga 2-1. Picha za siku ile watu wanazitafuta sana na ndo maana kila picha ya Manara akiwa na jezi ya Yanga utaambiwa ni ya Nyamagana. Angalia jukwaa, miti, milima ya mawe nyuma, linganisha na picha ya uwanja unayojua ni wa kweli.

Kwenye saini yenyewe kanuni ni moja, saini haiwezi kuwa nzee kuliko karatasi ila inaweza kuwa changa sana. Inamisha picha kwenye mwanga. Bik inaacha mfereji mdogo, unauona kwa lenzi na wakati mwingine hata upande wa pili. Kama saini inang'aa sawasawa na picha, haina mfereji, haikatizi mng'ao, hiyo ni picha iliyopigwa kutoka kwenye picha nyingine iliyosainiwa. Ukiona vidoti vidogo vidogo vya rangi, hiyo imetoka kwenye printa ya juzi. Maka peni za aina ya Sharpie zilitoka Marekani 1964, kwa hiyo saini ya maka peni nene kwenye picha ya miaka ya 50 sio lazima iwe feki, mzee anaweza kuisaini uzeeni, ila bei ishuke.

Utalinganisha na nini? Tafuta saini nyingine ya mtu huyo huyo ya miaka ya karibu, maana mkono unabadilika. Kwa kizazi cha Pamba cha kina Khalfan Ngassa, George Masatu, Fumo Felician na Nteze John, kile kilichochukua ubingwa wa Muungano 1990, makampuni ya Marekani ya kuthibitisha saini hayatakusaidia sana, wao wamezoea kina Muhammad Ali. Na ukiletewa ya Ali kwa hadithi kwamba aliisaini Dar Februari 1980, kweli alikuja, ila saini yake ni kati ya zinazoghushiwa sana duniani, hiyo ndo ya kupeleka kwa wataalamu. Kitu kingine, tafadhali, usirushe saini ya mzee aliye hai mtandaoni ikiwa wazi. Wengine bado wanasaini hivyo hivyo benki.

Wanariadha tunawasahau. Suleiman Nyambui ni wa huku huku kwetu ziwani, Majita, medali ya fedha ya mita 5000 Olimpiki ya Moscow 1980, na alikimbia miaka kadhaa chuo cha Texas El Paso. Picha zake, na za Filbert Bayi, nyingi ziko Marekani kwa sababu magazeti ya kule yameuza maktaba zao za picha. Zinakuja na kikaratasi cha maelezo kimebandikwa nyuma pamoja na tarehe, usikibandue hata kama kimechakaa.

Ukienda kwa wazee kuuliza waliomo kwenye picha, nenda na nakala, sio orijino. Shikamoo kwanza, kaa, habari za nyumbani, mpira wa sasa utukanwe kidogo, ndo utoe picha. Usimtajie jina, usiseme "huyu si fulani", muulize tu hawa ni kina nani aanze mwenyewe kutoka kushoto. Ukimlisha jina atakubali kukuridhisha. Alafu nenda maktaba ya mkoa au ukifika Dar ukapekue Uhuru, Mzalendo na Daily News za wiki ile.

Kutunza: USILAMINETI. Albamu za gundi nazo hapana, na vifuko vya plastiki vinavyonuka hapana. Weka kwenye boksi mbali na sakafu na ukuta wa nje, masika unyevu wa ziwa unagandisha picha zikabebana.

Ukinunua, andikishaneni, jina, tarehe, ilitoka kwa nani, maana wajukuu wakisikia bei watakuja. Familia ikigoma kuuza, omba kuskani kwa ubora wa 600 dpi, mbele na nyuma, wapelekee nakala safi moja na nyuma yake andika kwa penseli NAKALA na mwaka, isije baadae ikauzwa kama orijino.